Maswali ya Maabara: Mchanga Ulioongezeka, Kipimajoto Kinachobisha na Mafuta Yaliyozama

Barua tulizochagua safari hii zote zinahusu kutenganisha michanganyiko. Tumezifupisha bila kugusa maana. Majibu yanategemea vifaa vya maabara ya kawaida ya sekondari. Panapohitajika kitu cha ziada tumekitaja.

Shikamooni wataalamu. Tulipewa gramu 10 za mchanganyiko wa chumvi na mchanga, nusu kwa nusu. Tukaweka maji, tukachuja, tukavukiza. Mwisho tulipata mchanga gramu 5.6 na chumvi gramu 4.1. Tumekosea wapi? – Kidato cha pili, Tanga

Marahaba. Namba zenu zimeshajibu nusu ya swali. Mchanga hauzai, kwa hiyo zile gramu 0.6 zilizozidi ni maji, au chumvi, au vyote viwili. Chumvi nayo imepungua gramu 0.9: nyingine imebaki kwenye mchanga, na nyingine huenda iliruka nje ya bakuli mlipokuwa mnavukiza.

Tuanze na maji. Kwenye joto la kawaida, mililita 100 za maji huyeyusha takriban gramu 36 za chumvi. Gramu 5 zenu zinahitaji kama mililita 14 tu, kwa hiyo mililita 20 zinatosha na kubaki. Wengi humwaga mililita 100 "ili iyeyuke vizuri", kisha wanakaa nusu saa wakivukiza maji ambayo hayakuwa na kazi. Kuyapasha moto kunaharakisha kuyeyuka, ila hakuongezi sana kiasi kinachoyeyuka: hata kwenye nyuzi 100 chumvi hufika gramu 39 tu.

Sasa kosa lenyewe. Mchanga uliolowa pamoja na karatasi ya kuchujia hushika, tuseme, mililita 3 za maji ya chumvi. Kama mliyeyusha gramu 5 kwa mililita 20, kila mililita ina gramu 0.25, na hizo 3 zina gramu 0.75. Msiposuuza, hiyo ndiyo hasara. Mkisuuza mara moja kwa mililita 15, inabaki sehemu moja ya sita, yaani gramu 0.125. Zigaweni hizo hizo mililita 15 mara tatu, 5 kila mara, na kila safari subirini maji yaishe kudondoka kabla ya kuongeza: itabaki kama gramu 0.04. Maji ni yale yale, ila chumvi inayopotea inapungua mara tatu. Kuhakikisha, kingeni matone ya mwisho ya kusuuzia kwenye neli safi, wekeni tone la asidi ya nitriki iliyozimuliwa na tone la silva nitreti. Yakigeuka meupe kama maziwa, chumvi bado ipo. Jaribio hili lina maana tu kama mlisuuza kwa maji yaliyokenekwa (yaliyochemshwa, kisha mvuke wake ukapozwa), kwa sababu maji ya bomba yana kloridi yake.

Karatasi ikunjeni mara mbili kupata robo, ifungueni iwe umbo la pia (koni) lenye tabaka tatu upande mmoja na moja upande wa pili, ilowesheni ishikane na faneli. Mimineni kwa kufuata kijiti cha kioo, mkielekeza upande wa tabaka tatu, na maji yasipande karibu na ukingo wa karatasi kuliko sentimita 1. Ncha ya faneli iguse ubavu wa bika: maji hushuka kwa mkondo mmoja bila kurusha.

Wakati wa kuvukiza, moto mkubwa ni sawa mwanzoni tu. Maji yakibaki theluthi moja, chumvi huanza kutatarika na kuruka. Hapo hamishieni bakuli juu ya bika la maji yanayochemka, mvuke umalizie kazi. Mchanga na chumvi vyote vikaushwe, vipozwe, vipimwe, virudishwe kwenye joto, vipimwe tena, mpaka namba mbili zifuatane bila kubadilika. Kipimo kimoja hakithibitishi kwamba kitu kimekauka.

Maji ya mtoni tumeyachuja mara tatu kwa karatasi mpya, bado yana rangi ya chai ya maziwa. Karatasi ni mbovu? – Mwalimu wa sayansi, Kilosa

Karatasi haina kosa, mwalimu. Karatasi ya kawaida ya maabara, kama Whatman namba 1, hushika chembe za mikromita 11 kwenda juu. Chembe za udongo wa mfinyanzi ziko chini ya mikromita 2. Kwake hilo ni lango lililo wazi. Wala kuziacha zituame hakusaidii sana, kwa kuwa zina chaji hasi na zinasukumana, hivyo hukaa zikielea siku nyingi.

Dawa yake ni shabu. Chukua takriban gramu 0.1 kwa lita moja, iyeyushe pembeni kwanza, koroga kwa nguvu dakika moja, kisha polepole sana kama dakika kumi. Chembe zinashikana na kuwa mabonge mepesi. Ziache saa moja, mimina maji ya juu taratibu, halafu ndipo uchuje. Ukikoroga kwa nguvu muda wote unayavunja mabonge uliyoyatafuta. Mbegu za mlonge zilizosagwa hufanya kazi hiyo hiyo, kwa sababu zina protini yenye chaji chanya. Maji yakitakata hayajawa salama kunywa. Vijidudu ni habari nyingine.

Kama karatasi ilichanika au maji yalipita juu ya ukingo utajua haraka: chini ya bika mtakuwa na punje za kuonekana kwa macho, si ukungu.

Fuwele zetu za kopa salfeti zilianza kutokea bluu nzuri, tukaongeza moto zikauke, zikawa unga mweupe. Zimeungua? – Kidato cha tatu, Machakos

Hazijaungua. Mmefukuza maji yaliyokuwa sehemu ya fuwele zenyewe. Kila kizio cha kopa salfeti ya bluu hushikilia molekuli tano za maji. Dondosheni maji kidogo juu ya huo unga, bluu itarudi na unga utapata joto. Lakini umbo la fuwele halirudi, itabidi kuanza upya.

Safari hii msivukize mpaka mwisho. Chemsheni myeyusho polepole, na kila baada ya muda chovyeni kijiti cha kioo, mkitoe, mkiache kipoe. Vikijitokeza vifuwele kwenye kijiti, myeyusho umekaribia kushiba: zimeni moto pale pale. Funikeni bakuli kwa karatasi iliyotobolewa matundu, wekeni mahali pasipotikisika, msiguse kwa siku mbili tatu. Ukipoa polepole, fuwele huwa chache na kubwa. Ukiuweka kwenye barafu utapata nyingi kama sukari, na kila moja imefumbata uchafu ndani yake. Zisuuzeni kwa maji ya baridi kidogo mno, maana maji mengi yatazila, kisha zikaushwe kwa kubanwa kati ya karatasi mbili za kuchujia. Oveni iacheni.

Wengi hutuuliza mbona chumvi ya mezani haikubali njia hii. Jibu liko kwenye tofauti ya kuyeyuka kati ya moto na baridi. Potasiamu nitreti huyeyuka kama gramu 110 katika gramu 100 za maji kwenye nyuzi 60, na gramu 32 tu kwenye nyuzi 20. Ukiipoza, karibu gramu 78 zinalazimika kutoka. Chumvi ukiipoza kutoka nyuzi 100 hadi 20 zinatoka gramu 3. Kwa hiyo chumvi huvukizwa, na ndivyo wanavyofanya wenye mashamba ya chumvi pwani nzima.

Tunakeneka mililita 100 za ethanoli na maji, nusu kwa nusu. Kitabu kinasema ethanoli itatoka kwa nyuzi 78, lakini kipimajoto chetu kinaanza kusoma kama 76 na kuendelea kupanda bila kutulia. Wanafunzi wanaandika 78 ili wasikosolewe. Je, kipimajoto ni kibovu? Na tufanyeje tupate ethanoli ya asilimia 100? – Fundi maabara, Nairobi

Kwanza ndugu, wanafunzi waandike walichokiona. Ile 78 ya kitabuni ni ya usawa wa bahari. Nairobi iko juu zaidi ya mita 1,700, hewa ni nyepesi, na vimiminika huchemka mapema: maji karibu nyuzi 94, ethanoli karibu 73. Kipime kifaa chako hivi: kwenye barafu inayoyeyuka kisome 0, kwenye mvuke wa maji safi yanayochemka kisome karibu 94. Kikisoma hivyo hakina kosa.

Kupanda bila kutulia kuna sababu nyingine. Kama mmeunganisha flaski moja kwa moja na kondensa (bomba la kupozea mvuke), mvuke unaotoka tangu mwanzo ni ethanoli iliyobeba maji mengi, na kadiri ethanoli inavyopungua ndani, mvuke unazidi kuwa wa maji. Joto litapanda mfululizo, halina pa kusimama. Mnahitaji mnara wa kugawia kati ya flaski na kondensa: bomba wima lililojazwa shanga za kioo. Mvuke unapanda, unagusa shanga, unageuka kimiminika, unashuka, unakutana na mvuke moto, unapanda tena. Kila mzunguko ni ukenekaji mdogo ndani ya ukenekaji. Uvikeni kitambaa cha pamba au karatasi ya alumini, la sivyo ubaridi wa chumba unaharibu mpangilio wa joto ndani yake.

Halafu punguzeni moto. Kasi nzuri ni tone moja kila sekunde moja au mbili. Likitoka kama uzi, mnara haupati nafasi ya kufanya kazi, na huo ndio ugonjwa wa maabara nyingi zenye kipindi cha dakika 80. Mkienda polepole mtaona joto limetulia karibu na 73 kwa muda mrefu, kisha litaruka ghafla kuelekea 94. Badilisheni chombo cha kupokelea mara tu linapoanza kuruka.

Tungi la kipimajoto likae usawa wa mdomo wa bomba la pembeni, pale mvuke unapokata kona. Likiwa chini zaidi, linasoma joto la mvuke ambao bado haujagawanyika, na namba inakuwa kubwa. Likiwa juu ya kona mvuke haulifikii vizuri, namba inakuwa ndogo.

Mengine kwa ufupi, ingawa ndiyo yanayochoma watu. Flaski isijazwe zaidi ya nusu. Wekeni vigae vidogo vya chungu kabla ya kuwasha moto, ili mapovu yapate pa kuanzia. Mkisahau, msivitupe ndani ya kimiminika cha moto, kitafoka chote. Zimeni, kipoe, ndipo muweke. Vigae vilivyokwisha kupoa ndani ya kimiminika vimeshanyonya maji matunduni na havifai tena. Maji ya kupoza yaingie chini ya kondensa yatokee juu, vinginevyo koti lake la maji halijai. Mfumo usizibwe kabisa: upande wa kupokelea lazima hewa ipite. Na kwa ethanoli tumieni hita ya umeme au beseni la maji moto, kwa sababu mvuke wake ukikutana na mwali wa Bunsen unawaka.

Asilimia 100 hamtaipata kwa njia hii, hata mnara uwe wa mita kumi. Ethanoli ikifika asilimia 95.6 kwa uzito, mvuke wake na kimiminika chake vinakuwa na mchanganyiko ule ule, na kukeneka hakuwezi tena kuvigawa. Maji yaliyobaki huondolewa kwa chokaa isiyozimwa, au kwa zeolaiti zenye vitundu vya nanomita 0.3: molekuli ya maji inaingia, ya ethanoli haipiti.

Tumechemsha makonyo (vikonyo) ya karafuu, mvuke tukaupoza, tukaweka kwenye faneli ya kutenganishia. Chini kulikuwa na tabaka dogo la njano, tukadhani ni uchafu tukaliachia kwenye sinki. Tukahifadhi tabaka la juu tukijua mafuta huelea. Halinuki sana. Kwa nini? – Wanafunzi, Chake Chake

Poleni. Mmemwaga mafuta, mkahifadhi maji.

Mafuta huelea tunapozoea jikoni na kwenye taa. Mafuta ya karafuu sehemu yake kubwa ni yujenoli, na densiti yake ni kama gramu 1.05 kwa mililita, kwa hiyo yanazama. Hapo kwenu kiwanda cha makonyo cha Wawi kinaishi kwa kazi hii hii, mnaweza kuomba kwenda kuitazama kwa kipimo kikubwa. Faneli ikiwa na tabaka mbili msibashiri kamwe: dondosheni tone la maji kutoka juu na mtazame linajiunga na tabaka lipi. Na msimwage kitu chochote mpaka jaribio liishe na namba ziwe daftarini.

Rudieni hivi. Gramu 25 za karafuu au makonyo yaliyopondwapondwa (yakiwa unga laini yanatoa povu na kupanda hadi kwenye kondensa), maji mililita 250, vigae viwili vitatu. Kenekeni mpaka mkinge mililita 120 hadi 150, mkiongeza maji ya moto kama ndani yanapungua. Karafuu yenyewe hutoa mafuta mengi kuliko makonyo, karibu asilimia 15 ya uzito wake dhidi ya 5 au 6, kwa hiyo mkitumia makonyo tegemeeni gramu 1 hivi.

Yujenoli peke yake huchemka kwenye nyuzi 254, ambako ingeanza kuharibika. Ikichemshwa pamoja na maji, kila kimoja hutoa mvuke wake, na mashinikizo ya mivuke miwili hujumlishwa. Jumla ikifikia shinikizo la hewa vyote vinachemka, na hilo hutokea chini kidogo ya nyuzi 100. Hii inawezekana kwa sababu havichangamani. Ethanoli na maji vya ndugu yetu wa Nairobi havina tabia hiyo.

Mtakachokinga kitakuwa cheupe kama tui, ni matone madogo ya mafuta yaliyotawanyika. Kuna watakaowaambia ongezeni chumvi mafuta yajitenge. Kwa mafuta mengi ni ushauri mzuri, kwa karafuu ni mtego. Gramu 7 au 8 za chumvi kwa mililita 100 hufanya maji yawe na densiti ile ile ya mafuta, matone yananing'inia katikati, hayapandi wala hayashuki. Mkijaza chumvi mpaka maji yashibe, densiti inafika 1.2 na mafuta yanapanda juu. Ama msiweke kabisa mkaiacha faneli usiku kucha, ama mshibishe kabisa na mkumbuke kwamba tabaka zimebadilishana nafasi.

Kizibo cha juu kitoeni kabla ya kufungua bomba la chini, vinginevyo hewa haiingii na mafuta yanakatakata. Tabaka la chini likikaribia kwisha, punguzeni mpaka tone moja moja. Kama mnataka na yale yaliyoyeyuka ndani ya maji, tikiseni na heksani mililita 10 mara tatu badala ya 30 mara moja. Hesabu ni ile ile ya kusuuza mchanga wa Tanga. Kila mkitikisa mara mbili tatu pindueni faneli, mfungue bomba likielekea pasipo na mtu, mtoe gesi. Karibu na heksani pasiwe na moto wowote.

Kromatografia ya karatasi: rangi zetu zinapanda zikiburuza mkia, na wino wa bolpeni haupandi kabisa. – Mwalimu, Bukoba

Mkia maana yake doa ni kubwa au zito. Tumia kibomba chembamba au ncha ya kijiti, gusa, acha likauke, gusa tena mahali pale pale mara tatu au nne; doa lisizidi milimita 3. Mstari wa kuanzia uwe sentimita 2 kutoka chini, wa penseli, kwa kuwa mstari wa wino nao utapanda. Kiyeyushi kiwe na kina cha sentimita 1 tu: kikifika kwenye doa, rangi itayeyukia ndani ya chombo badala ya kupanda. Funika chombo, karatasi isiguse kuta, na ukiitoa tia alama mahali kiyeyushi kilipofika papo hapo, kabla hakijakauka. Rangi ikipanda sentimita 3.6 na kiyeyushi sentimita 8.0, thamani ya Rf ni 3.6 ÷ 8.0 = 0.45. Haina kipimo, na ina maana tu kwa karatasi na kiyeyushi kile kile.

Wino wa bolpeni ni wa mafuta, maji hayauchukui. Jaribu ethanoli. Kwa maji tumia kalamu za rangi za watoto. Nyeusi hutoa rangi nzuri kuliko zote.

Ukitaka somo la kuvutia, saga majani machache ya mchicha na mchanga kidogo na mililita 5 za asetoni, weka doa hilo, na kiyeyushi kiwe petroli ya maabara (petroleum ether, si ya gari) sehemu 9 kwa asetoni sehemu 1. Juu kabisa itakimbia karotini ya manjano-chungwa, ifuate zanthofili ya njano, kisha klorofili a ya kijani-bluu, na klorofili b ya kijani-njano nyuma. Rangi za majani ndizo alizoanza nazo Mikhail Tsvet, mtaalamu wa mimea wa Urusi, mwanzoni mwa karne ya 20, akitumia bomba la kioo lililojazwa unga wa kalsiamu kaboneti. Hiyo njano mchicha unayo siku zote. Kijani huificha tu.

Kutenganisha amoniamu kloridi na chumvi kwa joto: darasa zima lilijaa moshi mweupe, faneli ikabaki tupu. – Kidato cha kwanza, Mbeya

Moto ulikuwa mkali na shingo ya faneli ilikuwa wazi. Faneli ifunikwe juu chini juu ya bakuli, shingo izibwe kwa pamba bila kushindiliwa, nje ya faneli pazungushwe kitambaa kilicholowa, na mwali uwe mdogo. Fanyeni ndani ya kabati la kutolea moshi au kando ya dirisha lililo wazi, kwa kuwa kinachopanda ni amonia na haidrojeni kloridi zilizoachana kwa joto. Zikifika kwenye kioo cha baridi zinaungana tena kuwa unga mweupe. Subirini faneli ipoe kabisa kabla ya kuinua. Ikiinuliwa ingali moto, au ikigongwa, unga wote unarudi ndani ya chumvi.